Daftari la Sita

Taarifa ya msiba ilinikuta Bomani, nimekaa kwenye benchi la fundi simu nikisubiri kioo kibadilishwe. Simu ilikuwa mkononi mwake ilipoingia meseji kutoka kundi letu la kanisa, akaisoma yeye kabla yangu. Akasema, "Mzee, kuna mwalimu mstaafu wa Turwa amefariki. Unamfahamu?" Walimu wastaafu wa Turwa ni wengi, na mimi nilikuwa nimeshanuna kwamba kazi niliyoambiwa ni ya nusu saa imekula asubuhi nzima. Nikamwambia anisomee jina. Alipolisoma nilisimama, nikakaa tena, nikasahau hata kumkaripia. Meseji ilieleza kwamba marehemu alikuwa mwalimu, mfugaji, na mjumbe wa kamati ya ujenzi wa kanisa. Haikueleza kwamba aliandika riwaya mbili. Wala haikueleza kwamba ukurasa huu unaousoma sasa, msomaji wangu, ulikuwa wake kwa miaka mingi kabla haujawa wangu. Safu hii aliianzisha yeye, akanikabidhi siku alipoamua kwamba macho aliyobakiwa nayo ayatumie kwa riwaya tu.

Jina lake sitaliandika. Yeye mwenyewe hakuwa akitaja majina ya watu gazetini. Alisema jina likishatokea, wasomaji wanaacha hoja na kuanza kutafuta nyumba. Nitamwita mwalimu, kama tulivyomwita wote, hata sisi ambao hakutufundisha darasani. Na nikuonye mapema kwamba leo naandika nikiwa na hasira. Kama ulitaka rambirambi laini, ruka ukurasa.

Hasira yangu ilianzia makaburini. Wasifu wa marehemu ulisomwa kwa utulivu, na ulikuwa mrefu. Zilitajwa shule zote alizofundisha katika vijiji vya wilaya ya Serengeti, watoto, wajukuu, mizinga ya nyuki, hata pikipiki aliyoiuza zamani. Kuhusu vitabu ilisomwa sentensi moja: "Marehemu pia alipenda kuandika andika." Kuandika andika! Utadhani ni mtoto aliyepewa kipande cha chaki asisumbue wakubwa. Nilitazama huku na huku nikitafuta mtu mwingine aliyechomwa na maneno yale, nikaona watu wanatikisa vichwa kwa heshima. Mtu aliyeamka kila siku kwa miaka thelathini, akakamua ng'ombe, akanawa mikono, akakaa barazani na kalamu mpaka jua lifike kwenye miguu yake, tunamzika kama mtu aliyekuwa na kitabia.

Acha nikueleze alikuwa mwandishi wa namna gani. Riwaya yake ya kwanza ilihusu mtu aliyeuza ardhi ya ukoo kwa siri, akahama, akaacha ndugu wakizozana na wanunuzi. Kwetu hilo si jambo la kubuni. Nenda Nyangoto, kila familia ina kisa chake cha shamba. Basi kitabu kilipofika huku kikasomwa, hata na wasiosoma, maana waliosimuliwa walikuwa wengi kuliko waliokishika. Baada ya muda mfupi mwalimu akaitwa kwenye ritongo, yaani baraza la wazee linalokaa kumaliza mashauri kabla hayajafika mahakamani. Alidhani ataambiwa ametukana watu. Wazee hawakuwa na neno na matusi. Mmoja wao alimuuliza, "Mwalimu, huyu mwizi wa kitabu chako ni wa ukoo gani?" Akajibu kwamba huyo ni mtu wa kubuni, hana ukoo. Mzee akasema, "Mtu asiye na ukoo hayupo. Ulipomwacha hivyo, kila ukoo unasema ndio uliosemwa. Watu watapigana kwa ajili yako. Leo utuambie ni wa nani."

Sehemu hii mwalimu alinisimulia mwenyewe. Angeweza kuwapa somo la fasihi, lakini aliona wazee wale wameelewa kitu ambacho yeye mwandishi hakuwa amekielewa. Akasimama akasema, "Huyo mwizi ni wa kwetu. Ni wa ukoo wangu, tena wa nyumba ya baba yangu." Shauri likaisha pale pale. Waliokuja wamekunja nyuso wakamwonea huruma, wakaanza kumweleza wezi wa koo zao wenyewe bila kuulizwa, na alirudi nyumbani na visa vya kutosha riwaya ya pili. Tangu siku ile kila mkosaji katika hadithi zake alitoka nyumbani kwake, na kila alipokaripia jambo gazetini alianza na kosa lake. Nilipopokea ukurasa huu aliniachia agizo hilo moja: "Kabla hujamnyooshea mtu kidole, mtafute mwizi wa kwenu." Niliitikia kwa adabu. Nimekaripia watu kila wiki tangu hapo, na nikisoma makala zangu za nyuma sioni nilipowahi kumtafuta.

Watu wa mjini hawakumrahisishia kazi. Kuna mhariri aliwahi kumrudishia mswada akilalamika kwamba wahusika wake wanaongea Kiswahili kikavu, hawana utamu wa pwani. Mwalimu alimjibu kwa barua, na nakala aliniwekea niicheke: "Kwetu Kiswahili tulikikuta shuleni. Nyumbani tuna Kikurya, na jirani ana Kijaluo au Kinata. Kiswahili tunakitumia kama jembe la kuazima, kwa uangalifu, na kazi inafanyika." Mswada ulichapwa hivyo hivyo. Ila niseme ukweli unaoniudhi: nakala nyingi zilisomwa mbali, na hapa Tarime, mahali zilipotoka, ukimuuliza mwanafunzi wa sekondari atakuambia hajui kama mtu wa huku anaweza kuandika kitabu. Kila siku tunalalamika kwamba hatuandikwi. Aliyetuandika alikuwa akinunua chumvi duka moja na sisi.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, na ndiyo iliyotuletea balaa. Kompyuta hakuitaka. Aliandika kwenye kaunta buku, yale madaftari makubwa yenye jalada gumu, akaliwekea kila moja namba kwa wino mwekundu na kulivalisha karatasi ya kalenda. Akimaliza daftari moja, hakugusa linalofuata mpaka ampe mtu mmoja alisome na kumpa neno. Mtu mmoja tu, wa kuchagua yeye. Daftari moja lilisomwa na mkunga, lingine na dereva wa trekta. Hakutaka sifa, alitaka mtu ambishie. Alisema kuandika mbele bila jibu ni kumsemesha mgeni ambaye hujamkaribisha kiti. Kwa hiyo riwaya ya tatu ilikwenda polepole, na alipofariki tulijua kwamba ipo, ila hatukujua imefika wapi.

Mimi sikukaa mpaka siku ya kuanua matanga. Nilikuwa na makala ya kupeleka gazetini, nikanywa chai nikaaga. Wiki moja baadaye nikarudi Turwa kumsalimu mjane, nikiwa na wazo zuri kichwani: niyachukue madaftari, niyapige chapa, nimtafutie mchapishaji. Mama alinipokea vizuri. Nikamwamkia shikamoo, tukaongea habari za mvua, kisha nikauliza yaliko madaftari ya mwalimu.

"Yaligawiwa," akasema.

"Yaligawiwa vipi, mama?"

"Si siku ile ya matanga. Koti alipata mdogo wake, redio akapata mtoto wetu wa Mugumu. Madaftari yalikuwa matano kwenye sanduku. Wakasema maandishi ya mzee asipate mmoja peke yake, ni dhambi. Kila mmoja akapewa lake."

Nilishika kichwa. Riwaya moja, msomaji, hadithi moja yenye mwanzo na mwendo wake, imegawiwa kama vikombe! Nikamfuata mdogo wa marehemu, aliyeendesha kikao kile, nikakuta amevaa koti lenyewe. Nilifoka kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanijibu bila kukasirika, akiniita kijana kwa Kikurya: "Mura, wewe umesoma, sisi tumezika. Kama ningempa mmoja yote, wangesema nimempendelea. Hapa hakuna aliyelia kwamba ameonewa. Sasa kosa langu ni lipi?" Na ukweli ni kwamba kwa hesabu za ukoo hakuwa na kosa. Aligawa kwa haki kitu kisichogawanyika. Hilo ndilo linalonichosha katika nchi hii: tuna haki nyingi, na watu wa kuuliza kitu chenyewe ni nini kabla ya kukigawa ni wachache mno.

Nikaanza kuzunguka. Mdogo mtu alinipa lake, la pili, bila shida. La tatu lililobaki Turwa hapa hapa, na la nne lililokwenda Mugumu, niliyapata baada ya kunywa chai nyingi. La kwanza lilikuwa kwa mtoto mkubwa, Nyangoto, na hapo nilikwama. Nilimkuta anapalilia, akaninawisha mikono, akanikarimu, kisha akatoa boksi la chuma lenye hati na barua za kesi ya mpaka aliyo nayo na jirani. Daftari lilikuwa juu ya barua zote. "Siwezi kukupa, mzee wangu," akasema. "Humu baba yangu, tata mwenyewe, ameandika habari za mtini uliokuwa mpakani. Ukurasa wa kumi na moja. Huu ni ushahidi." Nikamweleza kwamba hiyo ni hadithi, na mtini ule ni wa mahali pa kubuni. Akanitazama kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Tata hakuwa mwongo," akasema. Nilimbembeleza mpaka akaniruhusu nipige picha kwa simu ukurasa mmoja mmoja, yeye akifunua na mimi nisiguse. Mke wake alituletea maji, akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli hadithi ile inamhusu mwanamke. Nikamjibu ndiyo. Hakuuliza zaidi, mkamwana hachunguzi sana mambo ya baba mkwe.

Ni kweli, riwaya ile ilimhusu mwanamke. Aliondoka kwa mume akiwa kijana, akaenda kuishi wilaya nyingine, akalima, akazeeka. Sasa watoto wa ile nyumba aliyoikimbia wanakuja kumwomba arudi, maana bila yeye shamba haligawanyiki na baba yao anakataa kufa kwa amani. Nilisoma mpaka daftari la nne nikiwa nimesahau hasira zangu. La tano lilikuwa Sirari, kwa binti wa mwisho mwenye duka la vitambaa. Yeye, Mungu ambariki, ndiye pekee aliyekuwa amelisoma. Alilisoma mara tatu, na wateja wake wote wa ng'ambo ya mpaka walikuwa wanaijua stori.

"Hii kitabu iko sawa kabisa," akaniambia, "lakini imekatika mahali mbaya. Sasa huyo mama alirudi ama hakurudi?"

Akanifunulia ukurasa wa mwisho. Chini kabisa, kwa wino mwekundu, mwalimu alikuwa ameandika: Endelea la sita.

Kwenye sanduku yalikuwa matano. Basi la sita limepotea, na mimi nikajua mara moja wa kulaumiwa. Nikampigia simu mdogo mtu nikiwa bado dukani, nikamwambia kwamba ugawaji wake umepoteza daftari zima. Maneno yangu hayakuwa mazuri. Yeye naye akawageukia wengine, na lawama, kama kawaida yake, ikateremka mpaka ikamkuta asiye na wa kumtetea: mke wa yule wa Nyangoto. Siku za msiba alikuwa jikoni. Alionekana akiwasha kuni kwa karatasi. Ikasemwa kwamba amechoma maandishi ya baba mkwe, na kwetu hilo si kosa la uzembe, ni neno ambalo linaweza kumrudisha mwanamke kwa wazazi wake. Kikao kikapangwa wiki mbili mbele, Jumamosi, Turwa. Nikaalikwa kama mlalamikaji.

Sasa niseme jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu mwanzo wa makala hii. Ijumaa nilikuwa natafuta shati la kuvaa kwenye kikao hicho. Juu ya kabati kulikuwa na mfuko wa rambo, na ndani yake kifurushi kilichofungwa kwa gazeti. Gazeti lilikuwa na safu yangu. Nilikaa kitandani kabla sijakifungua, maana kumbukumbu ilinirudia yote kwa mara moja: mwaka jana, mgahawa wa Bomani, mwalimu ananipa mfuko wenye ndizi mbivu, ananiambia chini ya ndizi kuna kitu, nikipata nafasi nikitazame. Ndizi tulikula jioni hiyo hiyo. Kitu nilikiweka juu ili nikisome wikiendi. Baada ya hapo tulikutana mara nyingi, na kila mara baada ya salamu alikuwa akiniuliza, "Kazi bado nyingi?" Nami nikimjibu, "Nyingi mno, mwalimu." Anatikisa kichwa, tunaongea habari za mahindi. Nilidhani ananijali. Hakuwahi kunidai jibu, kwa sababu mtu wa adabu zake hadai, anauliza kama una nafasi.

Jalada lilivalishwa kalenda, na namba sita ilikuwa nyekundu. Ndani ya jalada, chini ya jina langu, aliniandikia hivi: "Mwenzangu, usinisifie. Niambie tu, huyu mama arudi au asirudi? Mimi nimeshindwa. Nikipata neno lako nitaanza la saba, nalo ndilo la mwisho." Nililisoma daftari zima siku hiyo bila kuinuka. Kwa hiyo riwaya haikukatwa na ugonjwa. Haikukatwa na ukoo wala na jiko. Mtu aliyekuwa na hadithi mkononi alikaa barazani kwake karibu mwaka mzima na kalamu kavu, akimngoja mwandishi wa gazeti amalize kazi zake nyingi. Nami katika mwaka huo, ukitaka kujua nilikuwa na kazi gani, niliandika makala mbili kuhusu Watanzania kutopenda kusoma.

Jumamosi tulikaa uani kwa mwalimu. Yule mwanamke wa Nyangoto aliwekwa kwenye kigoda pembeni, macho chini, mume wake amesimama nyuma yake na mfuko mkononi. Mdogo mtu akafungua kikao, akauliza kama kuna mwenye neno kabla mwanamke hajaulizwa. Nilisimama. Nikaweka daftari mezani, nikasema, "Mnayemtafuta ni wa kwetu. Ni wa nyumba yangu mimi. Mama huyu hajachoma kitu." Nikasoma maneno ya kwenye jalada, yote, na jina langu likiwemo.

Hakuna aliyenitukana, na hilo lilikuwa gumu kuliko matusi. Yule mwanamke aliinua uso akanitazama, akasema taratibu, "Wiki mbili sijala na watu." Basi. Nikamwomba radhi mbele ya wote, akaitikia kwa kichwa, na bado sijui kama amenisamehe. Mume wake akafungua mfuko, akatoa daftari la kwanza, ushahidi wake wa mpaka, akaliweka juu ya langu. Mdogo mtu akakohoa. "Mura," akaniambia, "sasa la saba utaliandika wewe? Wewe si ndiye mwandishi aliyebaki?"

Mjane alijibu kabla yangu. "Hapana. Kila asubuhi alikuwa anakaa pale barazani, namuuliza mbona huandiki, ananijibu anangoja jibu. Mimi nikafikiri anangoja mchapishaji wa Dar es Salaam. Kumbe ni mtu wa hapo Bomani, bodaboda dakika kumi. Pigeni chapa hayo sita. Mtu akiuliza yule mama alirudi au hakurudi, mwelezeni kwa nini hatujui."

Ndivyo itakavyokuwa. Madaftari sita yako mezani kwangu, nimeshapiga chapa mawili, na mwisho wa kitabu patakuwa na ukurasa mmoja unaoeleza kwa nini hadithi imeishia njiani. Nimeomba niuandike mimi, na jina langu litakuwepo. Nilikuja na hasira juu ya kanisa lililosahau riwaya, ukoo uliogawa hadithi, mwanafunzi asiyejua na mhariri asiyeelewa. Hasira hizo bado ninazo, na baadhi ni za haki. Ila sasa najua nilikuwa nazishika ili nisishike ile moja. Nawe, kama nyumbani kwako kuna kitu cha mtu kinachongoja neno lako, barua, mswada, hata swali aliloliuliza kwa adabu ukalisikia nusu, usinisome mpaka mwisho, inuka ukakitafute.

Asirudi, mwalimu. Ndilo neno langu. Mwache mama wa watu akae kwenye shamba alilolilima mwenyewe.